Wakala wa Mpaka Lini?

Neno la kwanza kunipotea lilikuwa pembetatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya wasichana wa darasa la saba, katika skuli moja ya Ruwi, hapa Maskati, chaki mkononi, mchoro wenyewe nishauchora ubaoni, na jina lake silipati. Kwa Kiarabu silipati, kwa Kiswahili cha nyumbani silipati. Nikasema, "Hiki kitu hapa." Wasichana wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka kumi na tano.

Baada ya hapo maneno mengine yakafuata. Kijiko. Jumatano. Jina la jirani yangu. Asubuhi nikiamka kichwa kinanigonga, nikishatapika kinatulia. Kisha chaki ikaanza kuniponyoka mkono wa kulia. Mwalimu mwenzangu, Rahma, akaniona nikiiokota mara ya tatu katika kipindi kimoja, akanishika mkono mpaka kwenye gari yake, na hakuniuliza kama nataka kwenda hospitali au sitaki.

Wakakiona kitu katika picha ya kichwa. Si saratani, walisema, lakini kimekua, na pale kilipo hapana nafasi ya kukua.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwenda ukingoni wakati huo. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nimeachika zamani, sina mtoto, naishi peke yangu Al-Khuwair katika nyumba aliyotuachia mama yetu. Baba alikuwa kashatangulia kabla yake. Niliyebaki naye ni kaka yangu Seif, mkubwa wangu kwa miaka minane, msimamizi wa ghala la kiwanda kimoja Rusayl, mtu ambaye hata simu ya nyumbani akiipokea husimama wima. Siku nilipompa habari alisema, "Wewe usifikiri kitu. Mimi nnafikiri."

Nilishukuru. Nataka jambo hili lieleweke, maana kuna watu wa ukoo wetu watakaosoma haya na kudhani namsengenya. Nilishukuru sana. Mtu anapopotelewa na maneno, akipata wa kumsemea huona kabebwa.

Siku nne kabla ya operesheni ya kwanza, Kaka Seif alinipeleka kwa karani wa hati. Tukaandikisha wakala, yaani karatasi inayompa mtu idhini ya kusema na kutia saini mahali pako. Iliandikwa kwa Kiarabu cha serikali, mistari minane: namuwakilisha ndugu yangu katika mambo yote yanayohusu matibabu yangu. Karani akanisomea, akaniuliza kama nimefahamu. Nikaitikia kwa kichwa. Mkono wangu haukuweza kuandika jina lote, nikaweka na dole gumba. Hakuna aliyeuliza mpaka lini. Mimi nilikuwa nauliza moyoni kama nitaamka.

Niliamka. Kiangazi chote hicho nakikumbuka kwa vipande tu. Nywele zimenyolewa upande mmoja, na upande wa pili nikamwambia Wifi Salma, mke wa kaka yangu, aninyoe pia, kwa sababu nusu ya nywele ilinitia uchungu kuliko kukosa zote. Kovu kutoka mbele ya sikio mpaka juu ya paji la uso. Vidonge vikanivimbisha uso mpaka Rahma alipokuja alisimama mlangoni akitafuta mgonjwa wake ni yupi. Nilihamia nyumba ya Kaka Seif huko Sib, nikapewa chumba karibu na choo, na nambari ya simu ya nyumba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika faili langu.

Nje jua linaunguza, ndani ya chumba cha kungojea baridi ya mashine inakufanya ujifunike abaya mpaka kidevuni. Viti vya plastiki vya rangi ya chungwa, vimeungwa vitano vitano; akiinuka mmoja mnatikisika nyote. Tulikuwa tunaingia kwa daktari mimi na kaka, na daktari anamtazama yeye.

"Analala vizuri?"

"Analala," anajibu kaka.

"Anakula?"

"Kidogo kidogo."

Mimi nipo pale, baina yao, nimekula uji wa mchele na nusu mkate wa boflo asubuhi hiyo. Mwanzo nilikuwa nashukuru, kwa sababu kuipata sentensi moja kulinichosha kama kupanda ngazi. Lakini ilipofika tende kuiva maneno yakaanza kurudi. Yakarudi bila ya mpango, "mkasi" kabla ya "mkono", lakini yakarudi. Ilipoingia baridi nikaweza kusoma gazeti. Nikarudi skuli kwa vipindi viwili kwa siku, nikarudi nyumbani kwangu Al-Khuwair. Kitu kimoja tu hakikurudi: daktari kunitazama mimi.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeniuliza mwenyewe. Muuguzi wa Kenya, kutoka Machakos, Sista Beatrice. Mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa sindano. Aliponisikia Kiswahili changu mara ya kwanza alipiga makofi. "Mama, kumbe wewe ni wetu!" Akawa kila nikija ananiambia, "Haya, leo nipe maneno matano mapya." Nikimpa matano, ananipa peremende kutoka mfuko wa sare yake. Mwanamke mzima mimi, mwalimu, nikawa naiwekea siku hiyo maneno yangu.

Picha za kichwa zilikuwa kila miezi sita. Ya kwanza safi. Ya pili ilipigwa kiangazi kilichofuata. Niliuliza majibu, Kaka Seif akasema, "Alhamdulillahi, hapana wasiwasi." Sikuuliza tena. Kwa nini niulize?

Ikapita miezi mitano. Nilikuwa nimeanza kuona kama kuna ukungu pembeni mwa jicho la kushoto, nikasema ni miwani. Siku moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, vidonge vyangu vya kuzuia kifafa vilikwisha, na kaka alikuwa na hesabu ya ghala Rusayl hawezi kutoka. Rahma akanipeleka. Sista Beatrice akanipokea faili, akalifungua, akaniuliza kwa sauti yake ile ya kawaida:

"Mama, mmeamua aje kuhusu hiyo operesheni?"

"Operesheni gani?"

Akaweka kalamu chini. Akamtazama Rahma, akanitazama mimi. "Kwani kaka yako hakukuambia?"

Alijua kashasema la kutosha, akainuka akaenda kumwita daktari. Ndiyo rehema aliyonifanyia, kwa sababu wengine wangefunga faili.

Daktari aliniweka kitini, akaitundika picha mbele ya taa. Uvimbe ulikuwa umeota tena, mdogo, lakini safari hii umejibanza kwenye mshipa wa jicho la kushoto. Ukikatwa, jicho lile huenda likapotea. Usipokatwa, utaendelea kukua, na baada ya jicho yatafuata maneno, na baada ya maneno hakuendelea kuhesabu. Ndani ya faili palikuwa na ukurasa wenye mwandiko wa kaka yangu, ule mwandiko wake wa ghalani, herufi zimesimama: *Tumeamua kusubiri.* Chini yake saini.

"Tumeamua?" nikasema. "Nani na nani?"

"Ndugu yako ana wakala wako," akasema daktari. "Tulidhani mmezungumza."

"Wakala ule niliuandika nilipokuwa siwezi kutaja jina langu. Sasa ninafundisha skuli. Ni wa mpaka lini?"

Akaitoa karatasi yenyewe. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akatafuta. "Muda haukuandikwa," akasema. Nadhani aliona haya. Mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale alikivuta kiti chake akakielekeza kwangu, akanieleza kila kitu upya, mimi, pole pole.

Sikwenda Sib siku hiyo wala sikumpigia simu kaka. Asubuhi nikaenda na Rahma kwa karani wa hati, mtu mzima mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamuuliza swali lile lile. Nayaandika aliyonijibu kama nilivyoyafahamu, na kwenu huenda pakawa na sheria nyengine, kwa hiyo ulizeni.

Alisema: kama karatasi imetaja shughuli fulani, shughuli ikimalizika na wakala umemalizika. Kama imetaja siku, siku ikifika umekwisha. Kama haikutaja kitu, kama yangu, inaendelea mpaka mwenyewe aifute, au mmoja wenu afe.

"Na mtu akipotelewa na akili?" Rahma akauliza.

Karani akavua miwani. "Hapo ndipo penye uzito. Wakala unasimama juu ya akili ya aliyeutoa. Akili ikiondoka moja kwa moja, karatasi ya kawaida haitoshi tena, inatakiwa kwenda kwa kadhi amweke mtu wa kumsimamia."

Nikacheka, nikakumbuka kuwa nacheka ofisini kwa watu. Karatasi ile ilikuwa na nguvu wakati sina haja nayo, na ningekuwa na haja nayo kweli, huenda ingekuwa haina nguvu.

"Nataka kuifuta," nikasema.

Akaiandika hati ya kufuta. Kisha akasema jambo ambalo sikulitaka. "Hii peleka nakala hospitali waitie katika faili. Na umwambie ndugu yako. Maadamu hajajua, akitia saini tena hana kosa yeye."

Kwa hiyo ilibidi niende Sib, Rahma akanipeleka akaningoja garini.

Nilimkuta Kaka Seif katoka kazini, kakaa barazani anavua soksi. Wifi Salma akaleta chai ya maziwa. Nikaiweka nakala mezani, upande wake wa sinia. Akaisoma yote, midomo ikimtembea.

"Umenifuta?"

"Sikukufuta wewe, Kaka. Nimeifuta karatasi."

"Karatasi ndiyo mimi! Nani alokaa nawe usiku na mchana? Nani alokulisha kwa kijiko?"

"Wewe. Na nani aliyekaa na habari ya kichwa changu miezi mitano hakunambia?"

"Nlikuwa nnakuhifadhi!"

"Na nini?"

Wifi Salma alikuwa kasimama na buli mkononi, machozi yanamtoka, nikafahamu kuwa yeye alikuwa akijua. Kaka akainuka na soksi moja mguuni, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikasubiri mpaka chai ikapoa, kisha nikamwomba Rahma anirudishe nyumbani.

Ramadhani ikaingia, kaka hakuja. Miaka yote nilikuwa nafuturu kwake siku ya kwanza. Wifi Salma akawa ananitumia vitumbua na dereva wa jirani, vimefungwa kwa kitambaa, bila ya salamu. Mimi sikuwa nafunga kwa sababu ya vidonge, na kukaa peke yangu mezani mchana, natafuna mkate nyumba nzima kimya, kulinitia huzuni ambayo hata operesheni haikunitia. Ukungu wa jicho ukazidi. Nikisahihisha madaftari nalifumba. Palikuwa na siku niliijutia ile hati ya kufuta. Nilijiambia: afadhali ningebaki sijui, angalau ningekuwa na kaka.

Ijumaa ya pili, alasiri, Kaka Seif akagonga mlango. Amekonda. "Vaa abaya yako," akasema, "twende tukapunge upepo."

Akaendesha njia ya Yiti, ile inayopita katikati ya majabali, wala redio hakufungua. Tulipofika pahala bahari inaonekana akaegesha gari, akaacha mikono juu ya usukani.

"Mama," akasema, "nlimtilia saini mimi."

Mama alivunjika nyonga miaka mitatu kabla ya ugonjwa wangu. Alifanyiwa operesheni, siku ya pili akafa. Sote tulijua hivyo, na sote tuliambiwa na Kaka Seif kuwa mama mwenyewe aliridhia.

"Hakuridhia," akasema. "Alinambia, Seif, mimi kisu sitaki, niacheni hivi hivi na kitanda changu. Daktari akasema bila ya kisu hatotembea tena. Mimi nkaona mtu mzima, anaogopa tu. Nkatia saini."

"Alikuwa na akili zake?"

"Alikuwa nazo." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Sasa waliponiita kwa habari yako, wakanipa kalamu, mkono ulikataa, Zuwena. Wallahi ulikataa. Nkasema, hapana, huyu simuuwi. Nkaandika tusubiri. Kila siku nasema kesho ntakwambia."

Sikuweza kumkasirikia, wala sikuweza kumsamehe haraka. Nilimlilia mama upya, kilio cha pili, kibaya kuliko cha kwanza. Kisha nikamwambia lililonijia, na mpaka leo sijui kama lilikuwa la ukali au la huruma.

"Kaka, mara zote mbili hukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, mtu anayepokea kitu alichokuwa akikingoja. Tukarudi mjini kabla ya magharibi, nikafuturu naye, kwa maji tu na tende moja, ili mradi nimekaa naye meza moja.

Baada ya Idi tulirudi kwa yule karani, sote wawili na Rahma kuwa shahidi. Kaka Seif alidhani nitamwandika Rahma, na mwenyewe alikuwa tayari. Nikamwandika yeye. Lakini safari hii nilisema mimi, karani akiandika, na kila sentensi niliirudia mpaka ikae sawa. Ni kwa operesheni hii moja tu. Unaanza ninapotiwa dawa ya usingizi. Unakwisha siku nitakapomjibu daktari kwa kinywa changu jina langu, mahali nilipo na mwezi gani. Nisipoweza kujibu baada ya siku arubaini, jambo liende kwa kadhi. Na nikaongeza yale ninayoyataka: ikilazimu kuchagua baina ya jicho na maneno, niachieni maneno.

Karani akauliza, "Hili la jicho niliandike hivyo hivyo?"

"Liandike hivyo hivyo."

Kaka alikuwa akitazama sakafu. "Lisomwe tena," akasema, "nlisikie vizuri." Karani akamsomea.

Nakala moja tukaipeleka hospitali, nikamwona Sista Beatrice akiitia mbele ya faili, ile ya zamani akaipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Karatasi ya kukubali operesheni niliitia saini mwenyewe, kwa mkono wa kulia, jina lote, limekwenda kombo.

Kama unayasoma haya nawe umo katika viti vile vinavyotikisika, au umemweka mtu wako hapo, nakuomba jambo moja. Kabla hujatia saini wakala, uliza ni wa jambo gani na ni wa mpaka lini, na mwambie utakayemwachia nini unataka, kwa maneno, mbele ya watu. Mpende sana na umwambie. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi isiyo na mwisho na hofu isiyo na mwisho, na mimi ndiye niliyempa ya kwanza.

Operesheni ilifanyika katika baridi, siku ya mvua adimu, mabonde yamejaa maji na Rahma kachelewa. Siku kumi na moja baada ya hapo sina habari nazo. Nimehadithiwa. Siku ya nne kichwa kilivimba ndani, madaktari wakataka kukifungua tena, wakamwambia Kaka Seif kuwa wanaweza kujaribu kuliokoa jicho lakini upande ule ule ndiko yaliko maneno, na muda ni mfupi. Wifi Salma anasema kaka alikaa chini. Kisha akaiomba karatasi, akaisoma pale aliposisitiza isomwe tena, akatia saini.

Siku ya kumi na mbili asubuhi daktari alinisimamia. Safari hii alinitazama mimi.

"Jina lako?"

"Zuwena."

"Uko wapi?"

"Hospitali. Maskati."

"Mwezi gani?"

Nilikaa nao muda mrefu huo mwezi. Kaka Seif alikuwa upande wa miguu, mikono kaifunga kifuani, midomo kaibana asije akanisaidia. Nikaupata. Daktari akaandika kitu katika faili, akatoka.

Kaka akasogea akakaa kwenye kiti. Upande wangu wa kushoto ulikuwa giza, nikakisikia tu kiti kikilia, ikabidi nigeuke nimwone. Alikuwa hajanyoa siku nyingi. Alinishika mkono, akakohoa, akaanza, akaacha, akaanza tena.

"Jicho la kushoto halitorudi, Zuwena. Limekwenda. Nimeambiwa leo."

"Saa ngapi wamekwambia?"

"Saa tatu."

Nikageuza kichwa chote, taratibu, nikaitafuta saa ya ukutani kwa jicho lililobaki. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.